Jiwe la Kuwashukuru Wafadhili

Siku ya kuzinduliwa kwa jiwe la kuwashukuru wafadhili, mama yangu alilia kuliko mtu yeyote katika ule umati, na wageni wakampiga picha. Alikuwa amenyoa kipara. Alifunga leso kiunoni, akavua viatu, na kitambaa kilipoondolewa tu akapaza sauti ya uchungu iliyowanyamazisha hata watoto wa shule waliokuwa wakiimba. Akalizunguka jiwe, akalipiga kwa kiganja, akaliegemezea shavu. Wageni hawakujua mila za Wajaluo. Waliona mama wa kijijini aliyejengewa nyumba akilia kwa shukrani, na mmoja wao, mwanamke wa makamo mwenye kofia pana, naye akafuta machozi. Baba, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya jiwe, alitazama viatu vyake. Mimi nilikuwa nimeketi na walimu, na nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilidhani ni jua limempanda mama kichwani.

Halikuwa jua. Lakini nikitaka kueleza, lazima nianzie vitani, na vita mimi sipendi kuvisimulia, kwa hiyo nitavipitia mbio mbio.

Kwetu ni kituo kidogo cha soko upande wa mpakani, mbali kiasi na mji wa Migori. Ukipanda kilima unaona mashamba ya majirani wasiozungumza lugha yetu. Tulikuwa tukiuziana nao ng'ombe na mahindi, tukialikana kwenye matanga, wengine hata tukaoana. Kisha mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati wa joto la siasa, ng'ombe wakaibwa, wizi ukalipizwa, nyumba ikachomwa, nayo ikalipizwa, na kabla mtu hajajua nani alianza, watu wakawa wanauana kwa mishale. Serikali ilisema ni fujo. Sisi tuliozika tulisema ni vita.

Asubuhi moja moshi ulionekana upande wa malisho. Baba akamwambia kaka yangu mkubwa, "Nenda ukalete ng'ombe." Ni hayo tu, maneno ya kila siku. Kaka akachukua fimbo akaenda. Jioni tulikuwa tunakimbilia Suna, kwa shangazi yetu, na blanketi moja na sufuria. Ng'ombe hawakurudi. Kaka hakurudi. Wapo waliosema walimwona ameanguka, wapo waliosema walimwona anakimbia kuelekea mpakani, na kila mmoja aliapa kwa mama yake.

Vita vilipotulia, walikuja Wazungu. Watu wetu waliwaita Wazungu wa mabati, kwa sababu walikuja na malori ya mabati wakajenga nyumba zilizochomwa, moja baada ya nyingine, bila kuuliza mtu alimpigia nani kura. Wakajenga zahanati. Wakaezeka shule. Siwezi kuwasema vibaya hata nikilazimishwa. Mama yangu alilala mahali pasipovuja kwa sababu yao, na mpaka leo nikisikia mvua juu ya bati huwa nawaombea.

Lakini bati halikumrudisha kaka, na hapo ndipo ugomvi wa wazazi wangu ulipoanza.

Kwetu mtu akifia majini au vitani na mwili wake usionekane, haachwi hivi hivi. Kuna mti unaoota kandokando ya mito, tunauita yago, wenye matunda marefu mazito yanayoning'inia kama soseji za jitu. Tunda moja huchumwa, hufungwa nguo, huliliwa, na kuzikwa mahali pa yule aliyepotea. Basi, amezikwa. Amelala. Wadogo zake wanaweza kuoa, na mama yake akitia tonge kinywani, linashuka. Mama alitaka hilo tu. Kaka ndiye aliyekuwa kifungua mimba wake, na kijiji kizima kilikuwa kikimwita mama kwa jina la kaka, mama yake fulani. Baada ya vita wanawake waliacha kumwita hivyo. Wakimwona wanasema "Mama," wanaishia hapo. Hebu fikiria, mtu kupoteza mtoto na jina kwa siku moja.

Baba hakutaka kusikia. "Mimi mzee wa kanisa nikazike tunda? Mwanangu yu hai!"

"Kama yu hai, yuko wapi?"

"Yu hai, Nyar Karungu. Niache." Baba alimwita hivyo, binti wa Karungu, alikotoka. Akikasirika alilitamka polepole.

Watu walidhani ni ulokole. Mama alijua si ulokole.

Kamati ya jiwe iliundwa miaka michache baadaye, zahanati ilipokamilika. Chifu ndiye aliyelileta wazo, na baba akalidaka kama mtu aliyerushiwa kamba mtoni. Hakuwa na ng'ombe wa kuchunga tena, na mikutano ilimpa mahali pa kwenda. Jiwe lingesimama mbele ya zahanati, refu kuliko mtu, limepakwa chokaa, na kibao cha marumaru cha kuwashukuru Wazungu wale wa nchi ya baridi kwa kutuinua baada ya vita. Kwenye baraza la kukubaliana maneno, mama alisimama upande wa wanawake. Hakuwa na mazoea ya kusema barazani.

"Nauliza tu," alisema. "Tutaandika majina ya waliotusaidia. Je, upande wa nyuma hatuwezi kuandika ya waliokufa? Hata kwa herufi ndogo."

Mkuu wa tarafa alikuwepo. Alitabasamu kama mtu anayemrudishia mtoto kalamu. "Mama, hili ni jiwe la shukrani, si la msiba. Hayo mengine tukiyafukua tutarudi kule kule." Watu wakapiga makofi. Mama akamtazama baba, mwenyekiti, akimngoja aseme neno. Baba akafunua karatasi ya ajenda akasoma jambo lililofuata. Kwa hilo nilimkasirikia baba miaka mingi, na sijui kama nimemaliza.

Mimi wakati huo nilikuwa nafundisha shule ya msingi mjini Homa Bay. Kibao kilichongwa huko, kwa fundi anayechonga mawe ya makaburi, kwa kuwa nani mwingine angeweza kuandika juu ya marumaru? Baba alikuja kukichukua, akalala kwangu. Nilimpikia samaki, ngege mkubwa, akala vizuri, akalaumu gugu maji lililofunika ghuba utadhani ni mimi niliyelipanda. Nilipoona tumbo limeshiba, nikapiga moyo konde.

"Baba, kwa nini usimwachie Mama azike tunda lake? Linakupunguzia nini?"

Alisukuma sahani kando, nikadhani atanipiga. Kisha akasema, "Nani alimtuma?"

"Nani alimtuma nani?"

"Kaka yako. Nani alimwambia aende akalete ng'ombe? Nikimzika, basi ni mimi niliyemuua. Asipozikwa, bado yuko njiani." Akaosha mikono, akaniambia samaki alikuwa mtamu, akaenda kulala saa ambazo kuku wanaingia bandani.

Kwa hiyo nilijua kinachomzuia baba. Ndiyo sababu siku ya uzinduzi, mama alipolia vile, sikumsema. Nilimvuta tu pembeni nikampa maji. Akanywa, akapumua, akasema, "Sasa basi." Sikumwelewa.

Kuanzia hapo mama alibadilika. Alinenepa. Alianza kutania watu sokoni. Kila Jumapili baada ya ibada alipitia kwenye jiwe, akapangusa vumbi, akang'oa nyasi, na watu wakasema, tazama mama huyu anavyowapenda wafadhili. Mdogo wangu wa kiume, ambaye alikuwa na mchumba wa siku nyingi na hangeweza kuoa kabla ya mkubwa wake, aliambiwa na mama aoe tu, hakuna tatizo. Baba alishangaa, ila hakuuliza. Mtu akiletewa amani mlangoni, haulizi imetoka duka gani. Akaoa. Tukacheza ngoma.

Kisha kaka akarudi.

Ilikuwa mchana mweupe, likizo ya Agosti, mimi nikiwa nyumbani nachambua mboga. Mwanamume mwembamba mwenye ndevu alisimama kwenye lango la boma, mkononi ana mfuko wa sukari na mkate. Nilimjua kwa jinsi alivyosimama, mguu mmoja mbele. Nilipiga kelele nikaangusha ungo. Mama alitoka jikoni, akamwona. Nilingoja ajirushe kifuani pake.

Hakujirusha. Alikimbia mpaka langoni akanyoosha mikono yote miwili, huku na huku, kama anayezuia ng'ombe asiingie shambani. "Simama! Simama hapo hapo! Usiingie!"

"Mama, ni mimi."

"Najua ni wewe! Yawa, mwanangu, najua ni wewe. Usikanyage ndani!"

Baba alitokea nyuma ya nyumba, kiatu mguu mmoja, akilia na kucheka. "Niliwaambia! Sikuwaambia? Pita, mwanangu, pita ndani! Wewe mwanamke umerukwa na akili? Mpishe mtoto!"

"Hapiti," mama alisema. "Nimeshamzika."

Mama alieleza pale pale, mikono bado imenyooshwa. Siku msingi wa jiwe ulipochimbwa, yeye ndiye aliyewapelekea mafundi uji. Ndani ya kikapu, chini ya vikombe, alikuwa amelaza tunda la yago lililofungwa leso. Mafundi walipokaa kunywa, alimwambia fundi mkuu, aliyekuwa akijenga makaburi ya watu, "Fundi, hapa kuna mwanangu. Nionyeshe mahali." Fundi aliweka kikombe chini. Alishuka shimoni akamchimbia pembeni, akampokea tunda kwa mikono miwili, akalifukia. Alasiri wakamwaga zege. Mama alisubiri uzinduzi ili amlilie mwanawe mbele za watu, kama inavyotakiwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba tulikuwa matangani.

Kaka alisikiliza yote hayo akiwa nje ya lango, mkate mkononi. Mwishowe akasema, "Kwa hiyo mimi niko chini ya Wazungu?" Akacheka. Mimi nilicheka pia, nikaona haya, nikaendelea kucheka na machozi yananitoka.

Tulimtolea kiti nje. Tukamtolea chai, nje. Akatusimulia. Siku ile alizungukwa, akaacha ng'ombe, akakimbia akavuka mpaka. Huko Tanzania alichimba dhahabu. "Kwa nini hukurudi, hukutuma hata neno?" nilimuuliza, na sauti yangu ilikuwa kali. "Ningerudi na nini? Kamba?" alisema. Aliogopa kusimama mbele ya baba bila hata ndama mmoja. Sasa alikuwa amehamia Masara, kwenye machimbo ya huku kwetu, saa chache tu kwa baiskeli, na alijizungusha huko miezi kabla ya kupata moyo wa kuja. Baba alisikia haya akafunika uso kwa kofia.

Wazee waliitwa. Nao, kama kawaida ya wazee, hawakukubaliana. Mmoja alisema anyweshwe manyasi, dawa yetu ya kutakasa, aingie, yaishe. Mwingine alisema mwanamke hawezi kuzika peke yake, hivyo hayakuwa maziko. Baba aliruka juu, "Umesikia? Hayakuwa maziko!"

"Ardhi haikuniuliza kama mimi ni mwanamume," mama alisema. "Nilimweka, nikamlilia, mdogo wake akaoa. Nilipata usingizi. Mnaniambia ule ulikuwa usingizi wa nini?"

Wengi walikuwa upande wake. Tunda lazima litoke kwanza, walisema, na litolewe na mkono ulioliweka. Akiingia kabla, atakufa kweli alifuate lilipo. Baba alimshika kaka mkono, akamwambia hayo ni mambo ya giza, yeye mwenye boma anamkaribisha kwa jina la Yesu. Kaka alimtazama mama. Akautoa mkono wake taratibu. "Mama akisema nisiingie, siingii." Akarudi Masara jioni hiyo.

Basi, si ni kuvunja tu jiwe? Ndivyo nilivyodhani. Lo! Baba alikwenda kwa chifu, yeye aliyepigania kila mfuko wa saruji, kuomba ruhusa ya kulibomoa.

Chifu alishika kichwa. "Mzee, wewe mwenyewe ulishukuru kwa niaba yetu. Leo unataka kufuta shukrani? Wafadhili wanakuja kuona zahanati, wametuahidi maji ya bomba. Wakikuta jiwe lao limevunjwa, watasemaje?" Akaitisha baraza.

Nilikuwepo. Nilitarajia majirani wasimame na sisi, watu tuliolala nao sakafu moja wakati wa vita. Aliyesimama alikuwa mama mmoja wa mtaa wa juu, ambaye mume wake aliuawa kilimani siku zile zile. Hakupayuka. Alisema, "Wetu hawakurudi. Wako amerudi, mzee. Yuko hapo Masara anakunywa chai. Sasa ndiye tumvunjie jiwe, na maji tuyakose?" Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Watu wakaulizwa wainue mikono, na mikono ikainuka msitu mzima, ikiwemo ya wazee wale wale waliosema tunda litoke.

Siku ya soko iliyofuata, baba alichukua sururu. Hakumwambia mtu. Alipita katikati ya soko, kati ya akina mama wa omena na wauza mitumba, akalifikia jiwe akaanza kulipiga. Mzee wa miaka ile, na tai shingoni! Vipande vya chokaa viliruka. Aliweza kuvunja kona moja kabla wanaume hawajamkamata, wanaume aliowabatizia watoto na kuwaombea wagonjwa wao. Walimshika kwa heshima, lakini walimshika. Alilia mbele ya soko zima, akisema, "Niacheni nimtoe. Ni mimi niliyemtuma." Mdogo wangu ndiye aliyemleta nyumbani. Kona ile walikuja kuiziba kwa saruji, na rangi haikufanana.

Tulibaki kungoja wafadhili waje, tuwaombe wenyewe. Walisema mwezi ujao. Mwezi ujao ukapita, mvua za vuli zikapita, na baba akaanza kuulizia magari kila alipokutana na mtu anayetoka mjini.

Mimi nilikuwa nikienda Masara kila nilipopata nafasi, nimebeba kuku aliyepikwa na mama. Kule wenzake walikuwa wamesikia habari, na wachimbaji ni watu wa kejeli, basi wakampa jina: Marehemu. "Marehemu, dada yako amekuja!" "Marehemu ataongeza sukari?" Alicheka nao, anasaga mawe, vumbi limezifanya nywele zake nyeupe. Lakini safari ya mwisho nilimkuta hana mzaha. Aliuliza, "Ni kweli waliinua mikono?"

"Waliogopa kukosa maji."

"Hata yule mzee jirani wa boma la pili? Mimi nilimwokolea mbuzi wake siku ile."

Nilimpa paja la kuku. Kumdanganya nilishindwa, na kusema ndiyo nilishindwa. Alikula lile paja la kuku lote, akapangusa mikono kwa suruali, akaniambia nimsalimie mama.

Wageni walikuja hatimaye, karibu mwaka mzima baadaye. Nilipewa kazi ya kutafsiri kwa sababu Kiingereza changu kilikuwa cha ualimu, kisichotetemeka. Chifu alinikanya mapema nitafsiri yanayohusu zahanati tu. Nikamwambia ndiyo, chifu. Baba aliposimama na kofia kifuani, akaeleza habari yote, tunda, mama, mwana, lango, chifu alikohoa mpaka nikamhurumia koo, lakini mimi nilitafsiri neno kwa neno. Mwanamke yule wa kofia pana alikuwepo tena. Alinisikiliza mpaka mwisho, uso umemwiva.

Akasema lile jiwe wao hawakuliomba. Walipoandikiwa kulihusu, walitaka kukataa, wakaogopa kutuudhi. Akasema wangefurahi zaidi kama saruji ile ingejenga choo cha zahanati. "Livunjeni," alisema. "Livunjeni leo, kwani mlikuwa mnangoja nini?"

Nilitafsiri hilo la mwisho. Tulikuwa tunangoja nini? Mwaka mzima mtu anakula nje ya lango la mama yake, sisi tunaogopa kuwaudhi watu ambao nao waliogopa kutuudhi. Mpaka leo nikilikumbuka swali hilo huwa natamani kumpiga mtu makofi, na sijui nianze na nani.

Baba hakusubiri kuona jiwe likivunjwa. Alipanda baiskeli akaelekea Masara kumleta mwanawe. Fundi yule yule aliyelifukia tunda ndiye aliyekuja na nyundo. Walipoifikia pembe ile, walimpisha mama, akashuka shimoni mwenyewe, akachimba kwa vidole. Tunda lilikuwa limebaki nyuzi nyeusi na vipande vya leso. Alizikusanya zote, hata zile zilizochanganyika na udongo, akatoka nazo amezikumbatia. Wanawake wazee wakampeleka mtoni kufanya yanayofanywa. Manyasi yalikuwa yamechemshwa nyumbani, yako kwenye chungu. Wifi yangu alikuwa amechinja jogoo.

Baba alirudi jua linatua, anaisukuma baiskeli, hakuipanda. Kaka alikuwa ameondoka Masara wiki kadhaa nyuma. Hakuuguza jeraha, hakugombana na mtu. Alifunga nguo zake tu. Wenzake walimuuliza anakwenda wapi, akawaambia anakwenda mahali ambapo hajazikwa. Mmoja alisema ni Geita. Mwingine alisema ni mbali zaidi. Safari hii hakuna aliyeapa.

Mama aliukoka moto chini ya kile chungu siku tatu, dawa isipoe. Baada ya hapo akaimwaga.

Baba alikwenda mpakani mara nyingi. Aliuliza kwa madereva wa malori, aliuliza makanisani, aliacha picha kwa wenye vioski. Kila akirudi alikuwa mdogo kidogo kuliko alivyoondoka. Na hapo ndipo niliona jambo ambalo sikulitegemea maishani.

Ilikuwa likizo nyingine, muongo ule unaelekea kuisha. Nilikuwa nimeketi na mama kivulini mwa nyumba tunamenya karanga. Baba aliingia langoni na baiskeli, na nyuma, kwenye keria, palikuwa na tunda la yago lililofungwa kwa mpira. Alikuwa amekwenda kulichuma mwenyewe mtoni, yeye mzee wa kanisa. Alilifungua akaja nalo mpaka mbele ya mama, anahema.

"Nyar Karungu," alisema, "tumzike. Mimi nitachimba. Nitasimama mbele ya watu nitasema ni mimi niliyemtuma. Tumzike hapa nyumbani, wewe na mimi, tupumzike."

Mama hakuinua macho. Alimenya karanga moja, akaitupa kwenye sufuria, akamenya nyingine.

"Rudisha ulikolitoa."

"Mama, tumechoka," baba alisema.

"Wewe umechoka. Mimi namngoja mwanangu."

"Na asipokuja?"

"Asipokuja nitakuwa nimemngoja. Nilimfungia mlango mara moja, Mzee. Kwa mkono huu. Sitamfungia tena hata nife."

Nilidhani baba atabisha. Aliketi chini kando yake polepole, kwa magoti yake mabovu, tunda akalipakata. Kisha akanyoosha mkono kwenye ungo, akachukua karanga, akaanza kumenya.